Ufunguo wa Ngitili Ubaki Kijijini

Kwa: Wenyeviti na wajumbe wa halmashauri za vijiji, mikoa ya Shinyanga na Simiyu

Yah: Mikataba ya kaboni kwenye ardhi ya malisho

Waheshimiwa wenyeviti, ndugu wajumbe, nanyi banamhala, wazee wetu, ambao halmashauri haiamui jambo zito bila kuwasikiliza,



Nawaandikia ninyi, na si wizara, kwa kuwa ninyi ndio mtakaoshika kalamu. Biashara ya hewa ukaa imeshaingia nchini. Ina kanuni zake tangu mwaka 2022, ina kituo chake cha taifa pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na ina wanunuzi ng'ambo wanaotafuta ardhi ambayo miti ya asili inaweza kurudi bila kupandwa. Ardhi ya malisho iliyochoka, lakini yenye visiki vilivyo hai chini ya udongo, ndiyo wanayoitafuta. Usukumani ardhi hiyo tunayo, tena nyingi.

Siwaambii mkatae. Nawaomba jambo moja tu: mkataba wowote utakaowekwa mezani, uamuzi wa lini ngitili, malisho yetu ya akiba, inafungwa na lini inafunguliwa usitoke mikononi mwa kijiji. Bei, asilimia, zahanati, madarasa, hayo yote yana nafasi ya kuvutana. Hili halina.

Nianze na historia, maana wengi wanaokuja na makabrasha hawaijui. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya kanda hii kwa maelfu ya hekta ili kuua mbung'o. Ikafuata pamba, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa wakaziacha ngitili zao nyuma bila mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipoizuru Shinyanga mwaka 1984 alikuta nchi inayoelekea kuwa jangwa. Miaka miwili baadaye ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway na utaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mpango ulipofungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa katika vijiji 833 vya mkoa wa Shinyanga wa zamani, ule uliokuwa ukijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu za Simiyu ya leo. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kilichorudisha miti hiyo ni nini? Mwanzoni wataalamu waliweka nguvu kwenye vitalu na miche. Wakaja kugundua kwamba wenyeji walikuwa na utaratibu wao wa zamani: kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, kukiacha kipumzike, na kukifungua kiangazi kinapokaza. Ngitili nyingine ni ya kaya, nyingine ya kijiji. Mipaka yake ilijulikana kwa maneno ya wazee, dagashida, baraza la jadi, ikaweka adhabu, sungusungu wakalinda. Migunga, milama na mikwaju ikachipua yenyewe kwenye mizizi ya zamani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba ngitili zilimpa kila mtu manufaa ya wastani wa dola 14 kwa mwezi, katika kuni, majengo, dawa, asali, nyasi za kuezekea na malisho, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Hakuna aliyenunua tani moja ya hewa ukaa kutoka kwetu katika miaka hiyo.

Sasa tutazame ngitili yenyewe mwezi wa Agosti. Mabua ya mtama na mahindi yamekwisha mashambani. Mbugani nyasi zimeliwa, zimebaki shina na vumbi. Kundi kubwa limepelekwa mbali na vijana. Nyumbani wamebaki ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, ng'ombe wazee wasioweza tena safari, na maksai. Hao ndio wanaofunguliwa ngitili, tena kipande kwa kipande: kinaliwa hiki kikaisha ndipo kile cha pili kinaguswa. Maksai ndio roho ya hesabu nzima. Mvua za kwanza zikinyesha Novemba, mwenye maksai waliolala njaa miezi mitatu hana wa kuvuta plau. Atalima kwa kuchelewa, atapanda kwa kuchelewa, atavuna pungufu. Kwa hiyo ngitili ikifunguliwa mwezi mmoja nyuma ya wakati wake, pengo huonekana ghalani mwaka unaofuata.

Na upo mwaka ambao mvua hazikuja kabisa. Mwaka huo ngitili hufunguliwa mapema, na huliwa mpaka ardhi ionekane. Mgeni akipita atasema watu hawa wameharibu msitu wao. Wenyeji wanajua wametumia akiba kwa kazi iliyowekewa, na kwamba mizizi ikiwa hai, miaka miwili mitatu ya kufunga vizuri itairudisha. Uhuru huo wa kufungua ndio uliowafanya watu wakubali kufunga. Wangeambiwa mwaka 1986 kwamba kikifungwa kimefungwa, pasingekuwa na hekta 300,000 za kuzungumzia leo.

Tugeukie upande wa pili wa meza. Mnunuzi wa kaboni hanunui mti, hanunui nyasi, wala hanunui ardhi. Ananunua cheti kinachosema kwamba tani moja ya hewa ukaa imeondolewa angani ikahifadhiwa kwenye mti au udongo. Mpimaji hufika na utepe, akachora kiwanja cha sampuli, akazungusha utepe kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Kipenyo kinachopatikana huingizwa kwenye kanuni ya hesabu inayokadiria uzito mkavu wa mti. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa. Chukueni mti wenye uzito mkavu wa kilo 100: kaboni yake ni kilo 50, hewa ukaa kilo 183 na kitu. Miti sita ya namna hiyo inazidi tani moja kidogo. Kisha sehemu ya vyeti huwekwa pembeni kama akiba ya hasara, endapo moto au ukame utapita. Kinachobaki ndicho kinachouzwa.

Mwenye mradi, basi, anataka miti izidi kila mwaka, ipimwe, na isipungue kwa miaka yote ya mkataba, ambayo mara nyingi ni 30 au 40. Mfugaji anataka nyasi chini ya miti, na ruhusa ya kuzifikia siku ya shida. Kwa muda fulani mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Malisho yaliyokwanguliwa yakipata miti kiasi, udongo hutulia, kivuli hupatikana, maganda ya migunga huwa chakula cha mifugo wakati hakuna kingine. Lakini miti ikizidi kusongana, nyasi hupungua. Kila mchungaji anakifahamu kichaka ambacho mbuzi anapenya na ng'ombe hapati kitu. Kwa mwenye vyeti kichaka hicho ni faida. Kwa mwenye ng'ombe ni malisho yaliyopotea. Mkataba unaolipa miti peke yake utaisukuma ngitili upande huo mwaka hadi mwaka, na hautakuwa na sababu ya kusimama.

Kuna wanaodhani dawa ni kuondoa mifugo kabisa. Hao pia wasikilizwe kwa tahadhari. Ng'ombe hula maganda ya mgunga na kuzitapanya mbegu kwa samadi. Ng'ombe hupunguza nyasi kavu ambazo zikiachwa zikarundikana hadi Septemba na Oktoba, huwaka moto unaoua machipukizi yote. Ngitili isiyoliwa hata kidogo ni kuni zinazosubiri kiberiti. Ushirikiano wa mnyama na mti haukuanzishwa na mradi wowote, na haufai kuvunjwa na mradi wowote.

Wenzetu wametangulia, na yaliyowapata yanafaa kusomwa kabla ya kusaini. Australia walianza mapema. Kuanzia mwaka 2013 mmiliki wa malisho katika nchi kavu za Queensland na New South Wales aliweza kulipwa kwa kupunguza mifugo na kuacha kufyeka, ili miti ya asili irudi mpaka eneo lifikie kipimo cha kuitwa msitu: kipande cha angalau hekta 0.2, miti inayoweza kufika mita 2, na matawi yanayofunika walau asilimia 20 ya ardhi. Ahadi yake ilikuwa ya miaka 25 au 100. Mwaka 2022 Andrew Macintosh wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ambaye aliwahi kuongoza kamati iliyokagua uaminifu wa mpango huo, alijitokeza kusema vyeti vingi havina kitu nyuma yake. Jopo lililoongozwa na Ian Chubb halikukubaliana naye kwa yote. Lilisema mfumo kwa jumla uko sawa. Njia hiyo ilifungwa kwa miradi mipya mwaka 2023, na mwaka uliofuata Macintosh na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 182, wakaonyesha kwamba miti haikuwa imeongezeka sana, na mabadiliko yaliyoonekana ndani ya miradi yalifanana na yale ya ardhi ya jirani isiyolipwa.

Sisi hatuhitaji kuamua nani alishinda ubishi ule. Tunachohitaji ni lile ambalo pande zote mbili haziwezi kulikana: katika nchi kavu, mvua ndiyo yenye neno la mwisho. Mwaka wa neema miti hustawi hata penye mifugo, mwaka wa ukame hunyauka hata pasipo na mnyama. Mkataba usiotenganisha kazi ya mvua na kazi ya ng'ombe utampongeza mwenye mradi miaka mizuri, na miaka mibaya utamtoza mfugaji faini. Kosa lenyewe litakuwa la mbingu.

Jirani zaidi, kaskazini mwa Kenya, mradi wa kaboni ya udongo ulisambaa kwenye karibu hekta milioni 2 za wafugaji wakiwamo Waborana, Wasamburu na Warendile, kwa hoja kwamba malisho ya kupokezana kwa mpango yataongeza kaboni ardhini. Lawama kubwa ilikuwa hiyo hiyo ninayoisemea hapa: kwamba mpango wa malisho ulitungwa mahali pengine, ukachukua nafasi ya utaratibu wa wazee walioamua tangu zamani kundi lihame lini na liende wapi. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili za jamii za huko, mojawapo ikiwa Biliqo Bulesa, ziliundwa kinyume cha sheria kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kenya yenyewe ilishabadilisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023, ikaweka kwamba mradi wa kaboni unaotumia ardhi uipe jamii walau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ni hatua nzuri. Lakini fedha, hata ikiwa nyingi, haijibu swali la nani anafungua malisho.

Haki inanitaka niseme na upande wenye heri. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vimepata fedha za kaboni, vikajenga zahanati na madarasa. Hakuna sababu ya kuwaonea wivu wala kuwabeza. Ila tuangalie walichouza. Wale waliuza msitu uliosimama, ambao ungefyekwa kama usingelindwa. Sisi tunaombwa kuuza msitu ambao haujaota, juu ya ardhi ambayo ng'ombe wanaila kila kiangazi. Biashara mbili hizi hazifanani, na mafanikio ya ile si ushahidi wa hii.

Tofauti hiyo ina ukali wake kwetu. Soko la urejeshaji hulipa kinachoongezeka tu. Kijiji kilichofunga ngitili tangu siku za HASHI kitaambiwa miti yake haihesabiki, ilikuwapo kabla ya mradi. Kijiji cha jirani kilichouza mkaa mpaka kikamaliza ndicho chenye nafasi kubwa ya kulipwa. Kuna atakayeona ujanja hapo: tufyeke kwanza, tuuze baadaye. Asijaribu. Viwango vikubwa vya kimataifa, kikiwamo cha Verra, vinakataa ardhi iliyoondolewa uoto wake wa asili ndani ya miaka 10 kabla ya mradi, na picha za setilaiti zinaonyesha. Njia halali ni kudai mambo mawili kwa pamoja: ngitili kongwe zilipwe kwa kulindwa, kama Katavi, na zile changa zilipwe kwa kukua. Anayekuja na karatasi ya jambo moja tu amechagua lile linalomfaa yeye.

Banamhala, tusijifiche pia kwamba ngitili zenyewe hazijawahi kuwa za wote sawasawa. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi amenufaika kuliko mjane mwenye mbuzi watano. Mwenye ngitili ya kaya anaweza kuikodisha. Asiye nayo hukodi au husogea kwa jirani. Fedha za kaboni zikiingia juu ya msingi huo bila uangalizi, zitamwinua aliyekwisha kuinuka. Na ng'ombe watakaozuiwa kuingia hapa hawatayeyuka. Watahamia kwenye kipande cha asiye na sauti, au kijiji kinachofuata, na ugomvi wa mpaka utaanza. Mpango wowote usioonyesha kwenye ramani ng'ombe hao watakwenda wapi ni mpango ambao haujakamilika.

Sasa kuhusu kalamu yenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaifanya halmashauri kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini anavyosimamia mali ya wengine, na inawazuia kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenye mradi atasema hachukui ardhi, kila kipande kinabaki chenu. Ni kweli, kwa karatasi. Lakini anayeamua nani aingie, lini, na ng'ombe wangapi, kwa miaka 40, ameshika nini kilichobaki? Kwa hiyo chukulieni mkataba wa kaboni kwa uzito ule ule wa kugawa ardhi, na upitie mlango ule ule: mkutano mkuu, kwa akidi, baada ya kusomwa wote kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale wazee wanapohitaji, si muhtasari wa ukurasa mmoja.

Kisha mdai haya yaandikwe ndani, kwa maneno yasiyopindika:

Kwanza, ratiba ya kufunga na kufungua ngitili itawekwa na kijiji kila mwaka. Mradi unaweza kushauri. Hauwezi kuzuia.

Pili, mwaka wa ukame, kijiji kitafungua mapema bila kuhesabiwa kuwa kimevunja mkataba, na hasara ya tani itatoka kwenye vyeti vya akiba vilivyowekwa kwa ajili hiyo. Kijiji kisidaiwe fedha kilizokwisha kupokea.

Tatu, kipimo cha mwanzo kifanyike wanakijiji wakiwapo, na nakala ya takwimu ibaki ofisi ya kijiji. Vijana wenu wafundishwe kushika utepe na kusoma hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, mgao wa kijiji ukokotolewe kwenye mauzo, si kwenye faida. Faida ni neno linaloweza kuliwa na gharama za ofisi ya mjini hadi lisibaki kitu. Na bei ya kila tani iliyouzwa itangazwe kijijini.

Tano, mkataba upitiwe upya kila baada ya miaka mitano, na kijiji kiwe na haki ya kutoka. Mtoto aliye darasa la nne leo atakuwa na watoto wake kabla miaka 40 haijaisha. Tusimfunge kwa sahihi ambayo hakuiona.

Sita, mjitafutie mwanasheria wenu. Yule anayelipwa na mwenye mradi, hata akiwa mwema, ana mteja mmoja tu.

Nimesikia hoja kwamba masharti haya yatawakimbiza wawekezaji. Huenda yatamkimbiza mmoja au wawili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Asiyetaka mwenyeji apone hakuja kwa ugeni. Lakini mwenye mradi makini anapaswa kuyapenda, kwa sababu yeye ndiye anayehitaji miti iendelee kusimama mwaka wa 20 na wa 30. Miti ya Shinyanga ilirudi pale watu walipofunga kwa hiari yao, wakijua wana haki ya kufungua. Ukiondoa haki hiyo, utabaki na walinzi wa kulipwa, na kiangazi kibaya kimoja kitaonyesha walinzi hao wanaweza kuwazuia wangapi wenye maksai wanaokufa.

Kama kijijini kwenu kuna mkataba unaosubiri sahihi, fungueni kurasa za malisho kabla ya kurasa za fedha. Mkikuta kwamba ruhusa ya kuingiza ng'ombe inatolewa na mtu yeyote asiye mkutano wenu mkuu, urudisheni ukaandikwe upya. Na kama umeshasainiwa, ombeni nakala, isomwe hadharani, na mwandike rasmi kwa halmashauri ya wilaya na kwa kituo cha kaboni Morogoro mkidai kifungu hicho kirekebishwe. Muhuri wa kijiji uko mezani kwenu, na sheria imewapa nguvu ya kutoupiga.



Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa makala za mifugo na ardhi, Shinyanga